Vigae vya landilodi havinifanyi tajiri

Unamkumbuka yule karani wa sensa wa Agosti 2019, aliyekuja na tableti? Hakukuuliza una pesa ngapi. Aliuliza paa ni la nini, ukuta je, mnapikia nini, maji mnatoa wapi, kama kuna tivii, friji, pikipiki. Ukijumlisha majibu ya nyumba zaidi ya milioni 12, unaweza kupanga nani anajiweza na nani anasota.

Sikatai, kuna akili hapo. Muulize mtu wa boda anapata ngapi kwa mwezi: hata yeye hajui, na akijua atakudanganya. Paa halidanganyi.

Lakini njoo kwetu Nairobi. Naishi bedsita, sakafu ni vigae, stima ipo. Kwa karatasi mimi ni sonko. Vigae lakini ni vya landilodi, na tarehe 5 ikifika sina kodi, kufuli iko mlangoni. Shosh wangu kijijini ana sakafu ya udongo na anapikia kuni, ila shamba ni lake na halali njaa. Sasa kati yetu nani maskini?

Na hii si hesabu ya kujifurahisha, boss. Nilipoomba msaada wa karo nilijaza maswali kama hayo kwa ukweli wote, nikaonekana najiweza. Muhula wa pili sikurudi chuo. (Ndiyo maana nina muda wa kukuandikia.)

Kama ni lazima tupimwe kwa sakafu, basi mtu wa mjini aulizwe pia kodi ni ngapi na amebakisha miezi mingapi. Sensa ijayo ni 2029. Karani akibisha kwangu, nitamwonyesha risiti.