WANAOHESABU MABEHEWA SI WAZURURAJI

Wako watu katika nchi hii ambao, wakishamaliza kazi zao za kutwa, huenda kuitazama treni ya mizigo ikipita. Hawampokei mgeni, wala hawana mzigo wa kupeleka. Hukaa chini ya mwembe karibu na stesheni, au juu ya tuta hatua kadhaa kutoka kwenye reli, na daftari la shule mkononi. Treni ikipanda kutoka Tanga kwenda Moshi huandika saa, namba ya kichwa cha treni na idadi ya mabehewa. Ikirudi huandika tena. Wengine ni wastaafu wa reli ambao masikio yao hayakubali kustaafu. Wengine ni wanafunzi. Mmoja tunayemfahamu ni mwuza machungwa wa Muheza, na kurasa za daftari lake zina madoa ya biashara yake.

Watu wengi huwacheka. Wako wanaosema kwamba hawa ni wavivu waliokosa jembe, na wako wabaya zaidi wanaosema kwamba ni wapelelezi. Tunamjua kijana mmoja aliyenyang'anywa daftari lake na mtu mwenye sare, akaambiwa kwamba kuhesabu mabehewa ni kutafuta siri za Serikali. Hatutataja mahali wala mtu, kwa kuwa shabaha yetu si kumfukuzisha mtu kazi. Lakini jambo lenyewe hatuwezi kulinyamazia.

Sisi twasema hivi: mali bila daftari hupotea bila habari. Reli ya Tanga ni mali. Shirika la Reli lina vitabu vyake, nasi hatusemi kwamba vitabu hivyo ni vya uongo. Lakini mwenye mali naye ana haki ya kuwa na daftari lake, hata kama mwenye mali huyo ni mwuza machungwa.

Tukumbushane kidogo habari za reli hiyo, maana vijana wengi hawazijui. Wajerumani walianza kuitandika Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua. Reli ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Hiyo ni miaka 18 kwa safari ya kilomita kama 350, na mataruma na mawe yaliwekwa kwa mikono ya babu zetu. Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963, nchi ikiwa yetu, ilifunguliwa njia ya kuiunganisha na Reli ya Kati, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, na hapo mzigo wa Moshi ukaweza kufika Dar es Salaam bila kushuka kwenye reli zetu.

Haikujengwa ili watu watazame milima ya Usambara dirishani. Ilijengwa kwa ajili ya mzigo. Mkonge uliletwa nchini mwaka huo huo wa 1893, na katika miaka ya kwanza ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikiwa mbele ya nchi zote duniani. Marobota ya katani yalishuka bandarini Tanga kwa reli hiyo. Kahawa ya Kilimanjaro ilishuka. Mafuta na chumvi vilipanda, na baadaye mbolea na saruji. Mzee yeyote wa Korogwe aliyezidi miaka 60 atakueleza kwamba zamani watu walijua saa kwa mlio wa treni.

Basi reli hiyo ilinyamaza vipi? Haikunyamaza siku moja, na hili ndilo tunalotaka wananchi walishike. Mkonge ulianguka bei. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, pamoja na shirika la reli la nchi tatu, na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Malori yakaongezeka. Treni ya abiria ikatoweka, na kufikia mwaka 2007 treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi nayo ikasimama. Hapakuwa na tangazo la msiba. Reli ya tawi haifi kwa amri. Hufa kwa kupungua. Treni ya kila siku huwa ya siku tatu kwa juma, ya siku tatu huwa ya Jumamosi, na ya Jumamosi huwa ya mzigo ukipatikana. Halafu kutu hutanda, majani huota katikati ya reli, mwizi wa vyuma chakavu huja usiku na kung'oa taruma moja ajaribu bahati yake. Asipoulizwa, huja tena na mkokoteni. Siku mwananchi anaposhtuka na kuuliza treni iko wapi, huambiwa kwamba haiwezekani tena, njia imeharibika.

Na sisi tunaosema haya tulikuwa wapi? Tulikuwa tumepanda basi. Hatuna haki ya kumlaumu kila mtu tukajiacha wenyewe.

Reli hiyo imefufuka. Mwezi wa Julai 2019 treni ya mizigo ilirudi kati ya Tanga na Moshi baada ya miaka kama 12. Desemba ya mwaka huo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi, na Oktoba 2020 njia ikafunguliwa tena hadi Arusha, ambako treni haikuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Watu walitoka majumbani wakapiga vigelegele. Ilikuwa furaha ya haki. Lakini vigelegele havihesabu mabehewa, na hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa macho ya wote yako kwenye reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Kila mtu anaipiga picha ile. Sisi pia tumeipanda na tumeifurahia. Ila nani anaitazama reli ya mita moja inayopita nyuma ya nyumba za watu Hedaru na Same?

Hao wenye madaftari ndio wanaoitazama.

Msidhani kwamba ni kazi ya mchezo. Tulikaa na mzee mmoja, gadi wa zamani, akatufundisha kwa saa nzima, na tukaona aibu kwa ujinga wetu. Mtu asiyejua huhesabu mabehewa 20 akafurahi kwamba kuna mabehewa 20. Mzee huuliza: yamejaa au ni matupu? Hutazama springi juu ya magurudumu. Behewa lenye mzigo springi zake zimekaa chini, na tupu huinuka. Husikiliza magurudumu yakivuka maungio ya reli: lililojaa hupiga mlio mzito, tupu hulia kama debe. Husikiliza kichwa cha treni kikipanda mlima, kama kinahema au kinatembea tu. Huandika aina ya mabehewa, yaani ya kufunikwa, ya wazi, matangi ya mafuta na ya kubebea makasha, kwa sababu tangi haliwezi kurudi na mahindi. Na siku ambayo hakuona treni, huenda kutazama reli yenyewe. Ikiwa uso wake unang'aa, treni ilipita usiku akiwa amelala. Ikiwa mvua ilinyesha na uso umeanza kuwa mwekundu, haikupita kitu. Huandika "hakuna", na alituambia kwamba neno hilo ndilo analoliandika kwa mkono mzito kuliko yote.

Sasa fikirini daftari la namna hiyo lina faida gani kwa nchi. Behewa moja hubeba mzigo unaokaribia kulijaza lori zima kubwa. Treni ya mabehewa 20 yaliyojaa ni malori karibu 20 yaliyoondolewa kwenye barabara ya Segera na Same, barabara ambayo watoto wetu huivuka kwenda shule. Daftari likionyesha kwamba treni hupanda imejaa na hurudi tupu, hapo pana habari njema kwa mwenye akili: kuna mabehewa yanayoshuka baharini bila mzigo, na chama cha ushirika cha kahawa au mfanyabiashara wa mahindi anaweza kwenda ofisini kuuliza bei. Daftari likionyesha kwamba mabehewa yanapungua mwezi baada ya mwezi, Mbunge anaweza kuuliza swali Bungeni kabla majani hayajaota, si baada ya miaka 12.

Wako watakaotujibu kwamba habari za reli ni siri, na usalama wa nchi ni jambo kubwa. Usalama ni jambo kubwa, twakubali. Lakini treni ya saruji inapita mchana mbele ya maelfu ya watu, ikipiga honi kila penye kivuko. Siri ya namna gani hiyo yenye honi?

Kule Uingereza mchezo huu ulikwisha kuwa wa kitaifa. Mwaka 1942 kijana mmoja karani wa kampuni ya reli ya Southern, jina lake Ian Allan, alichapisha kijitabu cha namba za vichwa vya treni kwa ajili ya wapenzi wa reli. Mwaka 1942! Vita vikali vilikuwa vinaendelea, miji yao ilikwisha kupigwa mabomu, na kijitabu hicho kikauzwa. Baadaye akaanzisha chama cha vijana, na sharti lake lilikuwa wazi: mwanachama haingii kwenye njia ya treni. Hatusemi tuige kila jambo la Waingereza. Tumeshaiga ya kutosha. Twasema tu kwamba nchi iliyokuwa vitani haikuona hatari katika kijana mwenye penseli.

Na ikiwa mtu anataka kujua hatari iko wapi hasa, atazame nchi hiyo hiyo. Mwaka 1963 bwana mkubwa wa reli zao, Dakta Richard Beeching, alitoa taarifa iliyotaka kufunga stesheni zaidi ya 2,000 na njia za urefu wa kilomita kama 8,000, nyingi zikiwa za matawi. Hesabu za kuonyesha njia zipi hazina kazi zilichukuliwa katika juma moja la Aprili 1961. Juma moja! Njia za kwenda pwani, ambazo hujaa watu wakati wa kiangazi, zilihesabiwa katika mwezi wa baridi na mvua. Ni sawa na kuhesabu mabehewa ya mahindi kabla ya mavuno, halafu useme wakulima hawana haja na reli. Nyingi zilifungwa, na reli zikang'olewa.

Lakini watu wao walijifunza. Wakubwa walipotaka kuifunga njia ya Settle hadi Carlisle katika miaka ya 1980, wananchi na wapenzi wa reli waliingia kazini. Walipeleka mapingamizi zaidi ya 22,000, na moja lilikuwa na alama ya unyayo wa mbwa aliyekuwa msafiri wa njia hiyo. Mwaka 1989 serikali yao ikakataa kuifunga. Mwaka 2016 treni za mawe zilianza kutoka kwenye machimbo ya Arcow kupitia njia ile ile waliyoambiwa haina maisha.

Kwa hiyo tunayo maneno kwa pande mbili.

Kwa ndugu zetu wenye madaftari: msikanyage reli wala msiparamie mabehewa, hata kwa picha nzuri namna gani. Treni iliyojaa haisimami kwa sababu dereva amekuona. Andikeni mlichokiona kwa macho yenu, si mlichoambiwa na mpiga debe. Msiongeze behewa kwa kuipenda reli, na msipunguze kwa kuwachukia wakubwa wake, kwa kuwa daftari la uongo litatumiwa kuyakanusha yote ya kweli. Wa Korogwe na wa Mombo na wa Moshi kutaneni, mlinganishe hesabu. Treni iliyopita Mombo na mabehewa 18 ikafika Same na 15 ina habari ya kueleza, na mara nyingi habari hiyo ni ya heri, kwamba matatu yamebaki njiani kushusha mzigo.

Kwa Shirika la Reli: tunataka hesabu ya mizigo ya kila tawi ibandikwe ukutani kila mwezi, katika kila stesheni ya tawi hilo, kwa Kiswahili na kwa maandishi yanayosomeka. Treni ngapi zilipanda, ngapi zilishuka, tani ngapi, mabehewa mangapi yalirudi matupu. Karatasi moja na pini nne. Mwananchi ataisoma akisubiri treni yake, na yule mzee gadi ataisoma akiwa na miwani yake na daftari lake kando, ukurasa kwa ukurasa. Zikilingana, Shirika litakuwa limepata shahidi asiyelipwa mshahara. Zisipolingana, tutakaa chini tuulizane kama watu wa nyumba moja.

Kwa walinzi wa stesheni hatuna maneno makali. Ndugu mlinzi, kazi yako ni ngumu na mshahara wako twaujua. Mwenye nondo ya kung'olea mataruma huja usiku, wala hana daftari. Mkamate yule. Huyu wa mchana mwulize jina lake, mwonyeshe mahali pa usalama pa kukaa, na siku mwizi atakapokuja, huyu ndiye atakayekupigia simu.

Na lile daftari la yule kijana lirudishwe. Lina hesabu za miezi saba, na hakuna mahali pengine zilipoandikwa.