Faini Ndogo na Cheti cha Tabia Njema



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, wiki hii twapenda kuzungumza na wazazi wa Wundanyi na vitongoji vyake, hasa kina mama, kwani wao ndio wa kwanza kupigiwa simu mtoto anapokamatwa.

Kijana hukamatwa Jumamosi usiku amelewa mbangara, akifanya fujo karibu na steji ya matatu. Jumatatu hupelekwa mahakamani. Mama, kwa kuona haya mbele ya majirani, humsihi mwanawe akubali kosa upesi, faini ilipwe, mambo yaishe. Faini hulipwa. Lakini je, yameisha?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, yaruhusu mlevi mwenye kufanya fujo hadharani akamatwe bila hati. Akipatikana na hatia, adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Udogo wa faini hiyo ndio unaotuhadaa. Mwenye kukiri kosa mbele ya hakimu hutiwa hatiani, na hatia huandikwa.

Hupita miaka, kijana akatulia, akataka kujiunga na polisi au jeshi, au kwenda kufanya kazi Ghuba. Hapo hutakiwa cheti cha tabia njema. Huomba kwa mtandao wa eCitizen, hulipa ada, na alama za vidole vyake hupelekwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, zikalinganishwe na kumbukumbu zilizopo. Jambo ambalo nyumba nzima ilikwisha kulisahau laweza kuibuka siku hiyo.

Wala tusiseme serikali ina inda. Atakayekabidhiwa bunduki au siri za nchi amekabidhiwa amana. Wanazuoni wametufundisha kuwa asili ya neno khamri ni kufunika, kwa kuwa kileo huifunika akili. Ambaye akili yake hufunikwa, amana ataichunga kwa kitu gani?

Basi twawanasihi. Kwanza, mtoto asikiri kosa ambalo hakulitenda ili tu arudi nyumbani mapema. Kifungu cha 50 cha Katiba chamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Ikiwa alitenda, aseme kweli, maana uongo huongeza dhambi juu ya dhambi.

Pili, tusitafute mtu wa kuficha faili wala wa kutengeneza cheti bandia. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Na kughushi hati ni kosa zito kuliko fujo za ulevi. Aliyekuwa atozwe shilingi 500 aweza kujikuta gerezani kwa miaka.

Tatu, fomu ya kazi ikiuliza kama aliwahi kuhukumiwa, ajibu kwa ukweli na aeleze alivyojirekebisha. Mwajiri aweza kusamehe kosa la ujana. Kudanganywa ni vigumu kukusamehe.

Nne, tutofautishe kusitiri na kufumbia macho. Kusitiri ni kutoitangaza aibu ya mtoto wa mwenzio arusini na matangani. Kufumbia macho ni kumfungulia mlango mwanao kila usiku akinuka pombe, ukamlaza, asubuhi ukanyamaza. Siku ya kwanza ya harufu hiyo ndiyo siku ya kuketi naye, baba na mama pamoja, bila matusi wala kumfukuza. Akifukuzwa, atapokewa na wale wale wanaomnywesha.

Mlango wa toba u wazi kwa kila aliyeteleza, na Mola hufuta dhambi zote kwa anayerejea kwake. Daftari la wanadamu lina hesabu yake, na ni bora watoto wetu wasiandikwe humo kabisa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu na kila kileo, na awape wazazi subira na hekima. Amin.

Wabillahi tawfiq.