Kitabu Alichokipenda Mwenzako

Mwanafunzi akiulizwa kitabu akipendacho, aghalabu hakitaji kile alichotahiniwa, bali kile kilichomsahaulisha chakula. Mmoja hukisifu kitabu cha Black Beauty, ambamo farasi mwenyewe ndiye asimuliaye. Mtungaji, Bibi Anna Sewell wa Uingereza, aliumia miguu utotoni, akawa akitegemea magari ya farasi. Kitabu kilitolewa mwaka 1877, naye akafariki mwaka 1878. Wengi waliokisoma walizichukia hatamu fupi zilizoinua vichwa vya farasi kwa nguvu ili wapendeze machoni tu.

Mwingine humsifu Abunuwasi: jirani aliyekubali kwamba sufuria yake imezaa, alilazimika kukubali pia kwamba imekufa.

Wako wazazi wadhanio kwamba vitabu vya namna hii ni kupoteza wakati. Sivyo. Aliyemsikia farasi akieleza uchungu wake hatampiga punda wa mkokoteni bila kufikiri. Na aliyecheka leo atatafuta kitabu kingine kesho. Yafaa walimu wawaache wanafunzi waelezane vitabu wavipendavyo, kwani neno la mwenzi huvuta kuliko amri ya mkubwa.