TUSIHUKUMU KWA SHAHIDI MMOJA



Ndugu zangu, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi ya Kenya, si hii ya hapa Mjini. Wamarekani wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta mionzi ya eksirei angani, kwani mionzi hiyo haipenyi hewa ikatufikia huku chini.

Uhuru ikaona eksirei za Cygnus X-1 zikibadilika kwa kasi, chini ya sekunde moja. Lakini zatoka nyota ipi? Satelaiti peke yake haikuweza kusema. Darubini za redio zikapambanua mahali, na pale ikaonekana nyota kubwa ya buluu, imetulia, huidhanii lolote. Wataalamu wa Uingereza na mwenzao wa Kanada, kila upande kivyake, wakaupima mwanga wake. Wakakuta nyota inayumba, yenda na kurudi, kila siku 5.6. Kumbe inazungukana na mwenziwe asiyeonekana! Huyo anaivuta gesi yake, gesi inapata joto la mamilioni ya digrii, na hapo ndipo eksirei zinapotoka. Leo mwenziwe huyo anajulikana kuwa ni shimo jeusi.

Zingatieni: eksirei peke yake zilikuwa tuhuma. Mwanga peke yake ulionesha nyota isiyo na neno. Ukweli ulijulikana ushahidi ulipokutanishwa.

Nyota haiumii ikisingiziwa, na bado walingoja. Sisi je? Kipande cha video kinatoka Darajani mchana, magharibi kishafika Makunduchi na Nungwi, na mtoto wa watu keshaitwa mwizi au mzinifu. Na tuhuma ya zinaa, sheria yetu yataka mashahidi wanne!

Utasema, "Nimeona kwa macho yangu." Na darubini nayo iliona, iliona upande mmoja.

Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari. Rai yangu, walimu wa skuli na madrasa waisomeshe aya hiyo pamoja na kisa hiki cha pwani yetu. Nasi, kabla ya kusambaza, tuulize: nani mwengine kaona, na kaona nini? Jawabu ikikosekana, tufute, tunyamaze.

Wallahu a'lam.