Kabla ya kupunguza matiti, uliza kuhusu chuchu

Msichana anayeumwa mgongo kwa uzito wa matiti ana haki ya kuyapunguza bila kuchekwa. Lakini kabla hajatia sahihi ile fomu, aambiwe ukweli wote. Daktari huipandisha chuchu juu na kulipunguza duara linaloizunguka. Kovu hubaki. Huenda chuchu zisilingane tena, au hisia zikapungua. Ikibidi chuchu ikatwe kabisa na kushonwa upya, rangi yaweza kufifia, na kunyonyesha ndiyo basi. Sisi wenye ngozi nyeusi tena hupata keloidi kwa urahisi zaidi.

Picha za mitandaoni hazisemi haya. Kwa hivyo uliza, dadangu: chuchu zangu zitakuwaje? Daktari akilikwepa swali hilo, nawe mkwepe.