Safari ya fedha chache si safari ya kudoea

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji afilisike. Nayasema haya kwa sababu vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, siku hizi wameingiwa na hamu ya kutembea miji ya watu na kuandika safari zao katika mitandao. Hamu hiyo ni njema, nami naiunga mkono. Lakini pamoja nayo kumezuka mtindo unaonichukiza.

Kijana hutoka kwao na simu yake na nguo mbili mkobani. Akifika ugenini humwendea mwenye hoteli akamwambia: nilaze bure, unilishe, nami nitakusifu mbele ya maelfu wanaonifuata. Mwenye hoteli akikubali, kitanda kitasifiwa kuwa ni cha peponi hata kama kina kunguni. Akikataa, basi ajihadhari, kwani jina lake laweza kuchafuliwa kabla ya magharibi.

Mtindo huo mimi nauita kudoea, na kudoea hakugeuki kuwa kazi ati kwa sababu kumepewa jina jipya. Rai yangu ni hii: mtu mwenye fedha chache aweza kuitembea pwani yetu yote, akaandika na akasomwa, maadamu ajilipie mwenyewe na aseme kweli. Kwani msomaji wake ni nani? Ni mwalimu wa chuoni au muuza samaki aliyeweka shilingi kidogo kidogo ili awapeleke watoto wake Lamu. Huyo akidanganywa kwa sifa zilizonunuliwa kwa sahani ya biriani, aliyeibiwa ni yeye.

MGENI NA MPAKA WAKE

Dini yetu imempa mgeni haki, na imemwekea mpaka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ukarimu wa mgeni ni siku tatu na yanayozidi hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa kwa mwenyeji wake hata amtie katika dhiki. Nasi Waswahili tukaongeza letu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kwa hiyo asiye na fedha za gesti na afikie kwa jamaa, si aibu. Pwani hii, kutoka Vanga mpaka Kiunga, ni nadra mtu kukosa wa kumwita ami au shangazi. Lakini aende na kitu mkononi, ijapokuwa ni sukari na majani ya chai. Apeleke salamu kabla ya kufika. Asaidie kazi za nyumba. Na aondoke wenyeji wangali wanamtaka akae. Nyumba uliyoondoka hivyo utafunguliwa mlango wake tena, na hiyo ndiyo akiba kubwa ya msafiri maskini.

HESABU YA NJIANI

Chukua mfano wa safari ya Mombasa kwenda Lamu. Mwenye fedha hupanda ndege akashuka Manda. Asiyekuwa nazo hupanda basi la asubuhi, akapita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha akavuka kwa boti ya abiria. Ashike kitambulisho chake karibu, kwa maana njia hiyo ina vizuizi vya polisi. Aulize hali ya usalama kabla ya kukata tikiti. Na ajitahidi kufika Mokowe jua lingaliko.

Akitaka kuikata safari, na ashuke Gede, mji wa mawe uliohamwa na watu wake katika karne ya 17, na ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Mji wa Lamu wenyewe umo katika orodha hiyo tangu 2001, na Fort Jesus ya Mombasa tangu 2011. Katika makumbusho zetu raia wa Kenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Kwa hiyo asije mtu akasema hana uwezo wa kuyaona ya kwao.

Ajue na majira. Miezi ya masika, Aprili na Mei, wageni hupungua na bei za vyumba hushuka. Mwezi wa Disemba hupanda, na anayekwenda kwa Maulidi ya Riyadha katika Mfungo Sita na atafute pa kulala mapema, kwani mji hujaa. Kuhusu chakula, aziepuke meza zilizotandikwa kwa ajili ya watalii. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya karai na mishikaki jioni, kahawa tungu barazani baada ya isha: kwa hayo atashiba, na kwa hayo atasikia khabari za mji ambazo hakuna hoteli kubwa itakayompa.

Tena kuna elimu moja ambayo vijana wa siku hizi wameiacha kwa wavuvi, nayo ni hesabu ya maji. Kalenda yetu ya mwezi mwandamo ni mali kwa msafiri. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua. Siku hizo maji hujaa karibu na alfajiri na tena karibu na alasiri, na kiasi cha saa nne asubuhi yamekauka. Kila siku inayofuata maji hukawia kiasi cha dakika 50. Ukifika mwezi saba, na tena ishirini na mbili, ni maji mafu.

Manufaa yake ni nini? Maji yakiwa yametoka, mtu hutoka mjini Lamu kwa miguu akafika Shela kwa kufuata ufuo chini ya saa moja, bila kulipa senti. Yakijaa, njia hiyo huingia maji, naye hulazimika kupanda boti. Anayetaka kuyaona magofu ya Takwa kisiwani Manda hana budi kungojea maji yajae ndipo chombo kipite katika mikoko. Boti za kwenda Pate nazo hungojea maji ya kupita Mkanda. Asiyeijua hesabu hii hukodi boti ya peke yake kwa bei ya kuumiza. Aijuaye hungojea pamoja na wenyeji akalipa nauli yao.

KULIKUWA NA MWANDISHI KABLA YENU

Sasa nije kwa wale wanaotaka kuandika. Mwaka 1331 alifika pwani yetu mtu wa Tanja, Ibn Battuta, aliyekuwa ametoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji akiwa na umri wa miaka 21. Mombasa alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea Kilwa. Lakini tazameni alichokiona katika usiku huo mmoja. Alisimulia ndizi na ndimu, na samaki waliokuwa chakula cha watu. Akasema nafaka zililetwa kutoka sehemu nyingine za Sawahili. Akaitaja misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti, na visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, na jinsi watu walivyochota maji wakanawa miguu kabla ya kuingia. Safari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy kwa amri ya sultani wa Morocco, zikakamilika mwaka 1355, na hata leo anayetaka kuijua Mombasa ya zamani hana budi kuyarudia maneno yake. Mambo madogo ya kisimani na jikoni ndiyo yaliyodumu.

Najua nitajibiwa kwamba Ibn Battuta naye alilishwa na masultani. Ni kweli, wala hakuficha. Alisema nani alimpa nini, kanzu kwa kanzu na sahani kwa sahani. Tena zawadi haikumfunga ulimi. Alipofika Mali mwaka 1352, mfalme Mansa Sulayman alimpelekea mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando, naye akaandika waziwazi kwamba mfalme huyo ni bakhili. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kulala bure kwa kubadilishana na sifa ni biashara kama biashara nyingine. Kama umepewa, sema umepewa, na useme mwanzoni, si mwishoni kwa herufi ndogo. Msomaji akishajua, atajipimia mwenyewe.

Andika, basi, vitu vya kumfaa mtu. Andika nauli uliyolipa na tarehe uliyoilipa, kwa sababu bei hubadilika. Andika boti inaondoka saa ngapi hasa, si saa ngapi mtu wa tikiti alisema. Andika ni msikiti upi wa njiani una mahali pa akina mama kutawadha na kuswali, jambo ambalo vitabu vya wageni havina khabari nalo na ambalo jamaa nzima hulihitaji. Waambie watakaolala gesti kwamba kwetu sisi watu wa pwani ya Kenya, Makka iko karibu kaskazini sawasawa. Na uyaandike kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi miji yetu imeelezwa na watu waliofika kuiona kwa siku mbili na kuiandika kwa lugha zao. Mwenyeji akinyamaza, asilalamike akielezwa vibaya.

Kadhalika nawausia adabu ya picha. Mwanamke aliyekaa uani mwake, mzee anayetoka msikitini, mtoto anayeoga pwani, hao si mapambo ya safari yako. Omba ruhusa, na ukikataliwa shukuru uende zako. Picha iliyopigwa kwa siri uchochoroni Lamu yaweza kuonekana duniani kote kabla mwenyewe hajafika nyumbani, na ikishatoka hairudi. Nyumba zetu zilijengwa na madaka na viambaza na ua wa ndani kwa ajili ya sitara, na mgeni aliyekaribishwa ndani ya sitara hiyo akaitoa hadharani ameihini nyumba iliyomlisha.

Hayo ndiyo ninayowaambia vijana. Tembeeni, kwani Kurani yenyewe inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame. Tembeeni kwa basi, kwa boti na kwa miguu. Beba daftari pamoja na simu, kwa sababu chaji huisha. Na kila siku kabla ya kulala uandike ulichotumia, ulichokiona na uliyemshukuru. Mwenye kujilipia hata kikombe chake cha kahawa ana ulimi huru, na msomaji wake ataujua uhuru huo katika mstari wa kwanza.