Maumivu ya mgongo kwa vijana yasipuuzwe

Kijana wa miaka 25 akiamka mgongo umekakamaa, majirani huwa na jibu tayari: amebeba mizigo mizito, godoro limechoka, au ni bodaboda. Ushauri nao ni mmoja: apumzike. Wengi hupona. Wachache huzidi kuumia.

Upo ugonjwa ambao madaktari huuita ankilosingi spondilaitisi, aina ya baridi yabisi inayoshambulia mgongo. Kinga ya mwili huleta uvimbe pale uti wa mgongo unapoungana na mifupa ya nyonga, kisha hupanda kwenye pingili. Miaka ikipita bila tiba, mfupa mpya unaweza kuota kati ya pingili, na mtu akashindwa kuinama au kugeuka.

Dalili zake hujitofautisha. Maumivu huanza polepole kabla ya miaka 45, hudumu zaidi ya miezi 3, na humwamsha mgonjwa usiku wa manane. Asubuhi mgongo hukaza kwa zaidi ya nusu saa. Hapo ndipo ushauri wa majirani unapokosea: mgonjwa hupata nafuu akitembea na kujinyoosha, si akilala.

Kwa Afrika Mashariki kuna mtego mwingine. Kifua kikuu nacho hushambulia mgongo, hivyo lazima kichunguzwe. Isitoshe, kinasaba cha HLA-B27, ambacho wagonjwa wengi wa Ulaya wanacho, ni adimu miongoni mwa Waafrika. Kipimo kisipokiona hakimaanishi kijana ni mzima.

Tiba ipo. Mazoezi ya kila siku na dawa za kupunguza uvimbe huwasaidia wengi. Wasiosaidika huhitaji sindano za kibayolojia, ambazo bei yake ni kubwa kwa familia ya kawaida.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu 2010. Kama mahindi na saruji vinavuka mipaka, kwa nini serikali zisinunue dawa hizi kwa pamoja ili bei ishuke? Na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iupe ugonjwa huu jina ambalo mhudumu wa zahanati na mama wa kijana watalielewa. Ugonjwa usio na jina ni vigumu kuuulizia.